Aliomba Aonyeshwe Soko: Kijana wa Kakuma Katika Jezi ya Australia



Ndugu zangu vijana, na nyinyi kina mama na kina baba mnaosoma pamoja nasi. Mada niliyopewa siku ile ya futari ilikuwa "Vijana na Michezo". Ustadh wetu alipoisikia alicheka, akasema leo tutahesabiwa magoli ya Uingereza mpaka isha ituingilie. Nilimuahidi kwamba sitakuja na magoli ya Uingereza. Nimeombwa niyaandike maneno yale ili wasiokuwepo nao wapate kuyasoma. Nimeyanyoosha hapa na pale, lakini ni yale yale.

Hebu tuanze na tumbo lako. Sasa hivi umefunga. Ikifika saa tisa alasiri tumbo launguruma, ulimi umekauka, na akili yote iko jikoni. Lakini moyo wako umetulia, kwa sababu wajua magharibi ikiadhiniwa kuna tende, uji, kaimati na viazi vya karai. Na mwezi ukiandama, yamekwisha, unarudi kwa chai yako ya asubuhi.

Sasa mfikirie mtoto ambaye hula mara moja tu kwa siku, usiku, mwaka mzima. Hana mwezi wa kungojea uandame. Hula mara moja kwa sababu mgao wa chakula cha familia hautoshi kula mara mbili. Mtoto huyo aliishi hapa hapa Kenya. Jina lake ni Awer Mabil.

Awer alizaliwa tarehe 15 Septemba 1995 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kule Turkana. Kambi hiyo ilifunguliwa 1992 kwa ajili ya vijana na watoto waliokuwa wakikimbia vita vya Sudan, wengi wao wakiwa wametembea kwa miguu masafa ambayo mimi na wewe hatujawahi kuyatembea. Leo Kakuma na makazi ya Kalobeyei jirani yake vina watu zaidi ya laki mbili. Ni mji, ila ni mji ambao wakazi wake hawatoki mpaka wapewe kibali.

Wazazi wake walikuwa miongoni mwa waliokimbia vita hivyo. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba nyumba yao ilikuwa kibanda cha udongo, kidogo kuliko chumba anacholala siku hizi. Mpira alianza kuucheza akiwa na miaka kama mitano, bila viatu, juu ya mchanga. Na mpira wenyewe mwaujua nyote: makaratasi ya nailoni na vitambaa vilivyoviringwa. Akitaka kuona mechi kwenye televisheni ilibidi atembee mbali, kisha alipe ndipo aingie.

Miaka yake kumi ya kwanza aliishi Kenya. Alikunywa maji yetu, akachomwa na jua letu. Lakini hakuwa Mkenya. Kwa sheria zetu, za wakati ule na za sasa, kuzaliwa ndani ya Kenya peke yake hakukufanyi raia. Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010 huangalia baba yako au mama yako ni nani. Pahali ulipozaliwa hapakusaidii. Kwa hiyo mtoto wa mkimbizi aweza kuzaliwa hapa, akakua hapa, akaota ndevu hapa, na bado akaitwa mgeni.

Mwaka 2006 familia yake ilipokelewa Australia, ikakaa katika mji wa Adelaide. Alikuwa na miaka 10. Huko akaingia shule, akaingia timu ya vijana, na watu wakaona mbio zake. Mwaka 2013, akiwa bado kijana wa miaka 17, alianza kuichezea Adelaide United kama winga. Mwaka 2015 akanunuliwa na Midtjylland ya Denmark.

Hapa nisikudanganye. Ukisikia "akanunuliwa Ulaya" wadhani mambo yakawa mteremko. Hayakuwa. Midtjylland walimpeleka kwa mkopo Esbjerg, kisha wakampeleka tena kwa mkopo Paços de Ferreira ya Ureno. Kijana yuko mbali na mama, hajui kesho atavaa jezi gani. Akavumilia. Aliporudi Denmark akapata nafasi yake, akawa bingwa wa ligi na Midtjylland msimu wa 2019/20, na msimu uliofuata timu hiyo ikacheza Ligi ya Mabingwa katika kundi moja na Liverpool, Ajax na Atalanta. (Ustadh, hiyo Liverpool nimeitaja kwa dharura.) Mwaka 2022 akaenda Cádiz ya Uhispania.

Lakini ninalolitaka mimi ni habari ya jezi ya taifa.

Tarehe 15 Oktoba 2018, Australia ilicheza na Kuwait mjini Kuwait, ikashinda 4-0. Mabil aliingia kwa mara yake ya kwanza, na bao la nne lilikuwa lake. Siku hiyo hiyo rafiki yake wa utotoni kutoka Adelaide, Thomas Deng, naye alicheza kwa mara ya kwanza. Deng alizaliwa Nairobi. Mwaona? Mmoja wa Kakuma, mmoja wa Nairobi, na wote wawili wanaimba wimbo wa taifa wa Australia.

Miezi mitatu baadaye akacheza Kombe la Asia. Australia ilipotolewa tu, Januari 2019, mdogo wake wa kike alifariki katika ajali ya gari. Nalitaja hili kwa sababu sisi vijana twapenda kuona picha ya mchezaji na gari lake, twadhani maisha yake ni picha ile. Hakuna jezi inayomkinga mtu na msiba. Alizika, akalia, akarudi kazini.

Kisha ikaja tarehe 13 Juni 2022, Al Rayyan, Qatar. Australia na Peru wanapigania nafasi moja ya kwenda Kombe la Dunia. Dakika 90, hakuna bao. Dakika 120, hakuna bao. Penalti. Australia wakakosa mkwaju wao wa kwanza kabisa! Baadaye Peru nao wakakosa mmoja. Mikwaju mitano kila upande ikaisha wakiwa sare. Ikafika ya sita, ile ambayo ukikosa waweza kuirudisha nchi nzima nyumbani. Nani alitembea kutoka katikati ya uwanja? Mtoto wa Kakuma. Akaweka mpira, akapiga, akafunga. Kipa Andrew Redmayne akaokoa mkwaju wa Peru uliofuata, na Australia ikaenda Kombe la Dunia.

Baada ya mechi Mabil alieleza kwamba alijua atafunga, na kwamba hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kuishukuru Australia kwa niaba ya familia yake, kwa kuwapa maisha. Mwisho wa mwaka ule alikuwa kwenye kikosi cha Kombe la Dunia pamoja na Deng, na Garang Kuol aliyezaliwa Misri. Mwaka 2023 Australia ikampa tuzo ya Kijana wa Mwaka wa nchi hiyo. Nayo Kenya yetu, mpaka naandika haya, haijacheza Kombe la Dunia la wanaume hata mara moja.

Ndugu yangu, usinielewe vibaya. Sisemi Australia ni malaika. Nchi hiyo hiyo imewafungia wakimbizi waliokuja kwa mashua katika visiwa vya Nauru na Manus, na wengi wao walikuwa Waislamu. Na Mabil mwenyewe amesimulia kwamba alipokuwa kijana kule alikutana na ubaguzi wa rangi hapo hapo mtaani kwake. Wala sisemi Kenya haikumpa kitu. Ilimpa usalama wakati kwao kunaungua, na hilo ni kubwa. Nasema tu kwamba sisi tulimpa pahali pa kungojea, na wenzetu wakampa pahali pa kuanzia.

Sasa rudi nami kwenye sira tuliyosomeshwa chuoni. Waislamu wa kwanza kukimbia mateso ya Makka walivuka bahari wakaja upande wetu huu wa dunia, Habasha. Mfalme aliyewapokea alikuwa Mkristo. Makureshi walituma watu na zawadi ili warudishiwe wakimbizi wao, naye akakataa kuwauza. Kwa hivyo Muislamu anayemcheka mkimbizi amesahau jina la babu zake katika dini.

Kisha Madina. Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, aliwaunganisha Muhajirina na Ansari udugu, mtu na mwenzake. Abdurrahman bin Auf alipewa Saad bin Rabii. Saad akajitolea kumpa nusu ya mali yake. Abdurrahman akamuombea baraka katika mali hiyo, kisha akaomba kitu kimoja tu: aonyeshwe soko liko wapi. Akaenda, akauza jibini kavu na samli, na mwajua mwisho wake alikuwa tajiri wa namna gani na alitoa sadaka ya namna gani.

Hapo ndipo ninapotaka usimame. Mkimbizi mwingi hataki nusu ya mali yako. Ataka umuonyeshe soko. Kwa Mabil, soko lilikuwa uwanja wa mpira wenye nyasi na kocha anayemuita kwa jina lake. Kwa mwengine ni dawati la shule. Kwa mwengine ni leseni ya kuuza mahamri.

Na sasa niseme la kwangu, ambalo siku ile ya futari nililisema nikiwa nimeinamisha kichwa.

Nilipokuwa skuli ya upili mtaani kwetu tulikuwa na timu. Kulikuwa na kijana mmoja, familia yao ilikuja kwa sababu ya vita. Alikuwa akisoma Qur'ani nasi alasiri, na jioni hakuna aliyeweza kumpokonya mpira. Mechi zote za mtaani tulishinda kwa miguu yake. Yakaja mashindano makubwa kidogo, wakataka cheti cha kuzaliwa. Yeye alikuwa na karatasi ya ukimbizi tu. Aliyekuwa akiandikisha akatikisa kichwa.

Sisi je? Hatukusema neno. Hatukuuliza kama kuna njia. Hatukumuita hata mzee mmoja aje atusemee. Siku ya mechi jezi yake, namba 7, nilipewa mimi. Nikaivaa. Yeye alisimama pembeni akatupigia makofi. Tulifungwa, lakini si hilo linaloniuma. Linaloniuma ni kwamba wiki ile ile tulikuwa tumesomeshwa kisa cha Saad na Abdurrahman, na mimi ndiye niliyejibu maswali yote sawasawa. Mwaka uliofuata walihama, na sijamuona tena.

Msomaji, huenda wewe ni Msomali wa Garissa au Mnubi wa Kibera, na wajua kwa mwili wako maana ya kuulizwa maswali mara mbili unapotafuta kipande. Wewe si mgeni, na bado umefanywa uthibitishe. Basi usimfanyie mwengine ulilolichukia nafsini mwako.

Mabil hakusahau. Yeye na nduguye walianzisha shirika la Barefoot to Boots, ambalo limepeleka Kakuma njumu na jezi kwa watoto wanaocheza bila viatu, na baadaye vifaa vya hospitali. Na nyuma yake wanakuja wengine. Nestory Irankunda, aliyezaliwa 2006 katika kambi ya wakimbizi Kigoma, Tanzania, kwa wazazi wa Burundi, alikulia Australia, akapitia Adelaide United hiyo hiyo, akajiunga na Bayern Munich 2024, na naye huvaa jezi ya Australia. Afrika Mashariki yazaa, wengine walea. Mpaka lini?

Wewe na mimi hatuandiki katiba. Lakini timu ya mtaa ni yetu. Chuo ni chetu. Kikao cha futari ni chetu. Mwezi huu tafuta kijana mmoja asiyekuwa na mtu hapa, usimpe tende tu ukaondoka. Muulize anajua kufanya nini. Kisha nenda naye: kwa kocha, kwa mwalimu mkuu, kwa fundi, kwa mzee mwenye duka. Ukiambiwa karatasi zake hazifai, uliza ni karatasi gani zinafaa, na usiondoke mpaka ujibiwe. Wazazi, mtoto wako akikuletea rafiki kama huyo nyumbani, mjazie sahani na umuulize masomo yake.

Na kijana mkimbizi unayesoma haya, wewe pia nina neno nawe. Usingoje mpaka dunia ikuonee huruma. Abdurrahman alionyeshwa soko, lakini samli aliibeba mwenyewe.

Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu, amjaalie kheri yule mwenzangu wa namba 7 popote alipo, na atujaalie tuwe Ansari kwa vitendo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.