Weusi kama Hadhi ya Kisheria: Kipande, Mifugo na Mshahara katika Historia ya Ukambani



Mwanafunzi wa Kitui au Makueni akiulizwa historia ya mtu mweusi, atamtaja Martin Luther King, kisha Mandela. Hajakosea, ila amepita mlangoni kwake bila kuangalia. Hoja ya mada hii ni kwamba Ukambani, eneo la Wakamba nchini Kenya, weusi ulikuwa hadhi ya kisheria kabla ya kuwa fahari ya mtu. Serikali ya kikoloni iliutumia kuamua nani alipe kodi gani, aishi wapi, na alipwe kiasi gani.

1. Nani alihesabiwa mwenyeji

Mmisionari Ludwig Krapf alipofika Kitui mwaka 1849, alipokewa na Kivoi, mfanyabiashara wa pembe za ndovu. Ukubwa wa Kivoi ulipimwa kwa misafara yake na wafuasi wake. Mtu alijitambulisha kwa mbai, yaani ukoo wake, na kwa utui, yaani kijiji, aliokaa.

Baadaye, sheria za kikoloni zilimtia Mkamba, Mluo na Mgiriama kapu moja la “wenyeji”, chini ya Mzungu, Mhindi na Mwarabu. Hata hivyo, rangi yenyewe haikuwa kipimo kamili. Mwaka 1919 ilitungwa sheria ya kuwaondoa baadhi ya Wasomali katika masharti ya wenyeji. Ngozi zao hazikubadilika. Kilichobadilika ni daftari la serikali.

2. Kipande

Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, na utekelezaji wake ukaanza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa na kipande: karatasi iliyokunjwa ndani ya kikebe cha chuma, kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Humo mliandikwa jina, kabila, wilaya, alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza kazi na ya kuachishwa. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amemwachilia, mfanyakazi hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali. Akitoroka, alisakwa kwa alama za vidole vyake.

Mwaka 1947 ilipitishwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote. Walowezi wa Kizungu wakapinga vikali: kuchukuliwa alama za vidole waliona ni kushushwa hadhi. Kwa Mwafrika, jambo hilohilo lilikuwa limeitwa utaratibu wa kawaida kwa zaidi ya miaka 25.

3. Ng'ombe wa mwaka 1938

Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo, ilikuwa imepoteza ardhi kwa walowezi, kwa mfano katika vilima vya Mua, na wafugaji walizuiwa kulisha kwa uhuru katika uwanda wa Yatta. Watu na mifugo walipobanana katika eneo lililobaki, udongo ukamomonyoka. Serikali ikasema tatizo ni wingi wa ng'ombe wa Wakamba, ikaanza kuwakamata na kuwanadi kwa bei ya kutupa. Karibu, huko Athi River, kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilihitaji ng'ombe wa bei nafuu.

Katikati ya mwaka 1938, zaidi ya watu 1,000, wanawake na watoto wakiwemo, walielekea Nairobi wakitaka kuonana na Gavana Brooke-Popham. Walipiga kambi wiki kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu wa Ukamba Members Association, alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini serikali ililazimika kusitisha unyakuzi huo wa mifugo.

Tuzingatie jambo moja. Kipande kilimwandika kila mtu kabila lake, na kila kabila lilichorewa mipaka ya hifadhi yake, yaani eneo lililotengewa. Hata hivyo, Wakamba waliungwa mkono na Kikuyu Central Association, chama cha siasa cha Wakikuyu. Sheria iliwaonea kwa pamoja, nao wakaanza kudai kwa pamoja.

4. Mshahara na mahakama

Baada ya ripoti ya Tume ya Holmes ya mwaka 1948, Mwafrika katika utumishi wa serikali alilipwa sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu aliyeshika wadhifa uleule. Tume ya Lidbury ilipendekeza kuufuta utaratibu huo mwaka 1954. Mahakamani nako, mwaka 1968, Kitili Mwendwa, mzaliwa wa Kitui, akawa Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika nchini Kenya. Leo Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi wa rangi, na papo hapo inakataza ubaguzi wa kabila.

5. Mapendekezo

Kwanza, serikali za kaunti ziwahoji wazee na kukusanya vipande, stakabadhi za kodi na karatasi za jeshi kabla hazijaliwa na mchwa. Pili, maandamano ya 1938 yafundishwe kama tukio la haki za raia, si habari za mifugo tu. Tatu, Ibara ya 27 isomwe darasani sambamba na sheria ya 1915, mwanafunzi aone haki hiyo inajibu dhuluma ipi.

Kwa mjadala, naomba tuanze na swali gumu: vikapu vya rangi tumevifuta katika sheria, lakini vya kabila, vilivyofumwa na mikono ileile, kwa nini bado tunavibeba kila uchaguzi?