Asilimia iliyopanda, kisha ikaporomoka

Msikilizaji, Desemba 27, 2024, darubini ya mradi wa ATLAS nchini Chile iliuona mwamba wa angani uliopewa jina 2024 YR4. Kufikia Februari 18, 2025, uwezekano wa mwamba huo kuigonga Dunia mwaka 2032 ulikuwa umefika asilimia 3.1, na sehemu ya Afrika ilikuwa katika ukanda wa hatari. Siku chache baadaye, uwezekano huo ulikaribia sifuri.

Ni rahisi kuwacheka wanaastronomia: leo hivi, kesho vile. Lakini mwamba wenye upana wa takriban mita 60 huonekana kama nukta hafifu tu. Vipimo vikiwa vichache, njia yake hukadiriwa kwa upana mkubwa. Kadiri nukta ile inavyopimwa dhidi ya nyota zilizo nyuma yake, upana huo hupungua. Dunia ikiwa bado ndani yake, asilimia hupanda; ikibaki nje, huporomoka.

Mwanaastronomia si mpiga ramli. Hupima, hutangaza alichonacho, kisha husahihisha hadharani. Nasi watangazaji, tunaposoma asilimia, tuseme pia imetokana na vipimo vya siku ngapi.