Onesiforo alimtafuta mwenzake

Somo: 2 Timoteo 1:15-18



Paulo alikuwa amefungwa minyororo kule Roma. Anamwandikia mtoto wake Timoteo jambo la huzuni: watu wa Asia walimgeuzia mgongo, na wawili kati yao anawataja kwa majina, Figelo na Hermogene. Kisha anamtaja mwingine, Onesiforo. Huyu alifika Roma, akauliza huku na huku, hakuchoka mpaka akamwona. Hakuona haya juu ya minyororo ya rafiki yake. Kwa sababu hiyo Paulo anaiombea rehema nyumba yake yote.

Roma ulikuwa mji mkubwa sana. Kuuliza habari za mfungwa kulikuwa kujitia hatarini, kwani anayeulizia mfungwa hujulikana kuwa rafiki yake. Tena angalieni hili: Onesiforo hakungoja Paulo amwite. Yeye ndiye aliyetafuta.

Leo ninawapa ushuhuda ambao nilichelewa kuutoa. Mimi sikuwa Onesiforo. Nilikuwa upande wa wale wawili.

Wengi wenu mnanijua kama mchungaji tu. Lakini kabla Bwana hajanipeleka shule ya Biblia, nilifanya kazi katika banki moja hapa Bukavu, kwenye gishe, kupokea na kulipa feza. Nilikuwa kijana. Kando yangu aliketi kaka mmoja aliyenizidi umri, nilimwita Yaya. Yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu noti haraka, kuitambua dola mbaya kwa vidole, na kutomwangalia mteja usoni kabla ya kumaliza kuhesabu.

Siku moja ya mwaka 2006 bibi yake alikuwa anazaa hospitali. Yaya akaniomba niketi mahali pake kidogo, akimbie kumwona. Niliketi kama nusu saa, nikalipa watu. Jioni, feza zilipolinganishwa na karatasi, zilipungua dola 400 kwenye sanduku lake. Wakubwa wakamwita. Hakuna aliyeniuliza mimi kitu, na mimi sikusema kitu. Sikuiba, Mungu anajua. Lakini pengine nililipa mtu mara mbili. Hata leo sijui. Nilichojua ni kwamba niliketi pale, nikanyamaza. Yaya alikatwa mshahara, kisha akafukuzwa. Mimi nikabaki na kazi.

Baadaye nasi tulitawanyika. Wengine walienda Goma, wengine Lubumbashi, wengine Bujumbura. Mimi nikaenda kumtumikia Mungu. Nimehubiri toba miaka mingi, wapendwa, na neno lile lilikaa ndani yangu kama jiwe ndani ya kiatu.

Ndipo korona ikaja. Mnakumbuka: tarehe 10 mwezi wa tatu 2020 mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa. Siku nane baadaye Rais alikataza makutano ya watu zaidi ya 20, masomo na ibada zikasimama. Tarehe 24 hali ya dharura ikatangazwa. Rwanda ilikuwa imekwisha kufunga mpaka, na mama zetu waliokuwa wakivuka Ruzizi kila asubuhi na vikapu wakabaki nyumbani wakiangalia watoto bila chakula. Tulivaa kashene, tulinawa mikono kwenye ndoo, tuliogopa kusalimiana.

Katika siku zile, mama mmoja aliyekuwa mkubwa wetu wa hesabu kule banki alianza kutupigia simu. Mama huyu ni mjane, tena si wa kanisa letu. Alikuwa na daftari ya zamani yenye namba, nyingi zimekufa. Alipompata mmoja, alimwomba namba ya mwingine. Kwa juma mbili alipata watu 11. Wenye simu kubwa akawaweka katika kundi moja la WhatsApp. Wasio na simu kubwa, akatugawia sisi, kila mtu wawili, tuwapigie kila siku ya posho. Sheria yake ilikuwa moja: piga, uliza afya, usiombe kitu.

Hivyo ndivyo tulijua kwamba mzee aliyekuwa zamu wa mlango wa banki anaumwa, na mwenye nyumba anamdai kodi ya miezi mitatu. Mzee huyu alitufungulia mlango kila asubuhi kwa miaka, na wengi wetu hatukujua hata jina lake la baba. Kila mtu akatuma kidogo kwa simu, mmoja dola mbili, mwingine tano. Kodi ikalipwa. Sikusikia mtu akijisifu.

Mwezi wa nne mto Mulongwe ukafurika kule Uvira, ukachukua nyumba na watu. Mama akaandika katika kundi: «Nani ana namba ya Yaya? Nimesikia anakaa Uvira.» Hakuna aliyejibu. Kisha akanipigia mimi: «Mchungaji, wewe uliketi kando yake. Mtafute.»

Ndugu zangu, niliomba siku tatu. Lakini nawaambia kweli, sikuwa naomba Mungu anionyeshe Yaya. Nilikuwa naomba namba isipatikane.

Siku ya tatu Neno la Matayo 5:23-24 lilinishika. Bwana anafundisha kwamba ukileta sadaka madhabahuni, ukakumbuka kuwa ndugu ana neno juu yako, uiache sadaka, uende kwanza kupatana naye. Miaka yote nilikuwa na nafasi ya kujificha: mahubiri Jumapili, maombi Jumatano, kesha Ijumaa. Sasa kanisa lilikuwa limefungwa na kufuli. Madhabahu haikuwapo mbele yangu. Ndugu tu ndiye aliyebaki.

Nilimpata kupitia mteja wetu wa zamani. Nyumba ya Yaya iliingia maji, lakini watu wake walikuwa wazima. Alikuwa akiuza mafuta ya pikipiki kwa chupa kando ya barabara. Alinitambua kwa sauti. Nikamweleza yote: ile nusu saa, na kunyamaza kwangu. Alikaa kimya mpaka nikafikiri laini imekatika. Kisha akasema: «Nilijua. Nilingojea useme.» Akakata simu.

Hakunisamehe siku ile, na sikuwa na haki ya kudai anisamehe. Nilikwenda kwa mama watoto, nikamweleza, tukakubaliana kulipa zile dola 400 kidogo kidogo. Niliandika kweli yote katika kundi, ili jina lake lisafishwe mbele ya wale waliomwona akitoka na aibu. Baada ya juma moja simu ililia, ni yeye. Hakusema habari za feza. Aliuliza: «Mchungaji, watoto wako wanakula?» Nikalia kama mtoto. Tulimaliza kulipa baada ya miezi 14. Yule mtoto aliyezaliwa siku ile leo ni kijana mkubwa, nimekula naye meza moja.

Wapendwa, nataka mshike mambo matatu.

La kwanza: ushirika si jengo. Waebrania 10:24-25 inatufundisha kuangaliana na kutiana moyo, na tusiache kukusanyika. Jengo likifungwa, kuangaliana hakufungwi. Wale 11 wa banki hawakuwa kanisa moja, wengine hawasali kabisa, lakini walitimiza neno hili kutupita sisi wenye mapaza-sauti.

La pili: tafuta bila kutafutwa. Mtu mwenye shida huona haya, hapigi simu. Leo andika majina matano ya watu uliofanya nao kazi, uliosoma nao, uliokimbia nao vita. Nunua inite kidogo. Piga, uliza afya, usiombe kitu.

La tatu: anza na jina unalolikimbia. Kwenye banki hatufungi siku kama feza na karatasi havilingani. Hata usiku ukiingia, tunarudia kuhesabu. Wewe umefunga siku ngapi huku hesabu yako na ndugu haijalingana? Usingoje ugonjwa mwingine uje kukufungia mlango ndipo ukumbuke. Wako waliotafutwa katika mwaka ule wa 2020 na simu ikajibiwa na mtoto wao, akisema baba tumekwisha kumzika.

Tuombe. Baba wa rehema, wewe ndiwe uliyemtafuta Adamu bustanini wakati alijificha. Tupe moyo wa kutafuta. Mkumbuke kila mtu aliyepoteza kazi na heshima juu ya kunyamaza kwa mwenzake. Na mtu anayesikiliza sasa, ambaye jina limekwisha kumjia moyoni, mpe nguvu apige simu leo kabla jua halijazama. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.