Matege: Kila Mtoto na Tiba Yake

Mzazi unayetusikiliza, mwanao ana matege? Usimkande, wala usimfunge vijiti. Mtoto anayeanza kutembea huwa na matege kidogo, na mara nyingi hunyooka yenyewe. Yakizidi baada ya miaka 2, au mguu mmoja ukipinda kuliko mwenzake, mpeleke hospitali.

Mfupa wa mtoto bado unakua. Ndiyo maana unaweza kunyooshwa, lakini kila mtoto ana tiba yake. Mmoja atapewa vitamini D na madini ya kuimarisha mifupa. Mwingine atawekewa kipande kidogo cha chuma karibu na goti, mguu unyooke kadiri anavyokua. Mwingine atafanyiwa upasuaji wa kukata mfupa na kuunyoosha.

Kumbuka: kila mtoto na tiba yake. Mpeleke mapema, angali anakua.