Apu ya kufuatilia wazee waliopasuliwa: muulize mgombea simu italia wapi

UZI. Haya ni maneno niliyoongea na wakaazi wa Eastlands. Nayaweka hapa kama yalivyotoka kwa sababu wengi mmeyaulizia. Sitaji chama, sitaji mtu. Tunaongea hoja tu.



Kila mdahalo siku hizi lazima mtu aseme "tutaleta afya ya kidijitali". Makofi yanapigwa, halafu msimamizi anarukia swali la barabara. Leo tusiruke. Tuchukue kitu kimoja: apu ya simu ya kufuatilia mzee aliyefanyiwa upasuaji na sasa yuko nyumbani.

Wazo lenyewe si baya. Chukua mfano wa mama wa miaka 74, ameteleza bafuni huko Umoja, nyonga ikavunjika. Amepasuliwa, na baada ya siku chache kitanda kinahitajika, anarudi nyumbani. Shida nyingi huanzia hapo. Kidonda kinaweza kupata maambukizi akiwa tayari nyumbani, ndiyo maana madaktari huhesabu hadi siku 30 baada ya upasuaji. Mguu unaweza kuvimba kwa sababu damu imeganda ndani. Na kliniki anatakiwa kurudi, lakini anaishi gorofa ya tano kwa ploti isiyo na lifti. Kumshusha ngazi ni kazi ya wanaume wanne, na bado hujalipa teksi. Kama simu inaweza kumuuliza maswali matano kila asubuhi, na muuguzi akaona nani anazidiwa, nani atakataa?

Sasa ingia ndani ya hiyo nyumba. Simu ni ya nani? Mama ana kabambe. Simu ya kuingiza apu ni ya kijana wake, na kijana ametoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kibarua Industrial Area. Kwa hivyo apu inamuuliza kijana aliye kiwandani jinsi mguu wa mama yake unavyoendelea. Atajibu nini? Atabonyeza "sawa" arudi kazini, kwa sababu alipomwacha mama alikuwa sawa.

Na maswali yenyewe. Apu nyingi huanza na "una homa?" Kwa mzee, maambukizi yanaweza kuja bila homa kabisa. Dalili ya kwanza inaweza kuwa amechanganyikiwa ghafla, anamuita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yake, au amekataa chakula tu. Watu husema "ah, ni uzee". Mara nyingi si uzee, ni mwili unapigana. Apu iliyotengenezewa vijana haitaliona hilo. Wa kuliona ni jirani anayeleta uji.

Lakini msinielewe vibaya, simu inaweza kusaidia, na ushahidi uko hapa hapa mtaani kwetu. Kati ya 2007 na 2008 kulikuwa na utafiti uliohusisha kliniki ya Pumwani, nyingine ya Nairobi na moja ya Kajiado. Watu 538 waliokuwa wakianza dawa za virusi vya ukimwi. Nusu yao walitumiwa meseji moja kwa wiki: "Mambo?" Unajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Ukisema shida, au ukinyamaza, muuguzi anakupigia. Basi. Hakuna apu, hakuna bando. Matokeo yalichapishwa 2010 katika jarida la Lancet: waliotumia dawa vizuri walikuwa asilimia 62 kwa waliopata meseji, na 50 kwa wasiopata.

Najua, hao hawakuwa wazee waliopasuliwa, na virusi si nyonga. Lakini angalieni kilichofanya kazi. Meseji ilifungua mlango tu, kazi ikafanywa na muuguzi aliyepiga simu. Na kunyamaza kulihesabiwa kama jibu. Hilo la mwisho ndilo napenda zaidi, kwa sababu mzee aliyezidiwa hawezi kubonyeza kitu.

Kwa hivyo mgombea akisema apu, usimuulize itatengenezwa na nani. Muulize nani analipwa kupokea majibu. Hapa siasa inaanza kuwa tamu, au chungu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa serikali ya kitaifa hospitali za rufaa, na kaunti zikapewa vituo vya afya na huduma za msingi. Mama akipasuliwa Kenyatta, ni kitaifa. Akirudi Umoja, ni kaunti. Apu ikilia katikati hapo, kila mmoja anaweza kusema ni ya mwenzake.

Tuna watu tayari, lakini. Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii karibu 100,000 walizinduliwa nchi nzima, na mikoba yenye kipima presha na kipimajoto, na simu. Marupurupu yao yalipangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, kaunti nusu, kitaifa nusu. Huyo ndiye anaweza kupanda hadi gorofa ya tano. Lakini je, hospitali inamwambia mama ametoka leo? Na hiyo elfu tano inafika kwa wakati? Anayetaka kuleta apu mpya aanze kwa kujibu hayo mawili.

Neno moja kuhusu picha. Apu zingine huomba picha ya kidonda. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka taarifa za afya kati ya data nyeti, na ridhaa anayetakiwa kuulizwa kwanza ni mama mwenyewe akiwa na akili timamu. Kijana asiitoe kwa niaba yake. (Na jameni, paja la shosho lisipelekwe kwa grupu ya familia.)

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwa bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Kabla ya hapo kuna vikao vya umma, na vingi huwa viti vitupu. Nenda. Uliza ni fungu gani lina mshahara wa muuguzi wa kupokea simu Jumamosi saa tatu usiku, wakati mama wa Umoja amejibu "Shida".