Ncha ya Keekee na Madini Yetu

Msikilizaji, leo tuangalie kabidi ya tungsteni. Fundi anapotoboa zege, tazama ncha ya keekee yake: kile kipande cha kijivu kilichochomelewa mbele ndicho chenyewe. Chuma cha kawaida kingebutuka upesi. Hiki hula zege na mwamba, ingawa ukikigonga vibaya hupasuka. Ndicho kinachochoronga migodini na kwenye visima vyetu vya maji.

Sasa, kwa nini kituhusu? Unga wa kabidi hiyo huunganishwa kwa kobalti, na kobalti nyingi duniani hutoka Kongo. Rwanda nayo huchimba madini ya tungsteni. Lakini ncha tunaagiza ng'ambo, na China, mzalishaji mkubwa kuliko wote, mwaka 2025 ilibana uuzaji wa bidhaa kadhaa za tungsteni nje.

Kwa upande mwingine, wapo wanaosema kiwanda cha ncha hizi hapa ni ghali: tanuri la nyuzi joto 1,400 hivi halivumilii umeme wa kukatika. Ni kweli. Hata hivyo, ncha zilizochakaa zina tungsteni inayoweza kurejelezwa, nasi tunazitupa pamoja na vyuma chakavu. Je, nani ataanza kuzikusanya?