Hifadhidata Ikigoma Kuwaka: Soma Kwanza, Usifute



Ni asubuhi ya siku ya soko na foleni imefika mlangoni. Karani anafungua mfumo, skrini inamjibu kwamba hakuna muunganisho. Taa za seva zinamulika, lakini programu ya hifadhidata imegoma kuwaka. Mwananchi hajui MySQL wala PostgreSQL. Anajua amekuja kulipa na hapati risiti.

Hatari kubwa wakati huo ni mkono wenye haraka.

Programu hizi zikishindwa kuanza, kwa kawaida huandika sababu katika faili ya kumbukumbu za hitilafu. Fundi aanzie hapo, kwenye mistari ya mwisho. Mara nyingi atakuta mojawapo ya mambo manne: diski imejaa, faili ya mipangilio ina kosa la uandishi, ruhusa za faili zimebadilika, au programu nyingine imeshika poti yake, ambayo kwa kawaida ni 3306 kwa MySQL na 5432 kwa PostgreSQL. Yote manne hurekebishwa bila kufuta rekodi hata moja.

Asiyesoma hufuta. PostgreSQL ilikuwa na folda iliyoitwa pg_xlog. Watu walidhani ni kumbukumbu za kawaida, wakaifuta ili kupata nafasi, na hifadhidata ikaharibika. Toleo la 10, mwaka wa 2017, liliibadilisha jina kuwa pg_wal.

Mwaka huohuo, tarehe 31 Januari, mhandisi wa kampuni ya GitLab alikuwa akihangaika usiku na seva ya akiba. PostgreSQL ilikataa kuwaka, ikarekebishwa, kisha kunakili data kukakwama. Akafuta folda ya data akidhani yuko kwenye seva ya akiba, kumbe ni seva kuu. Kati ya takriban GB 300, zilibaki GB 4.5. Nakala za kila siku zilipotafutwa, hazikuwepo; zilikuwa zikishindwa kimyakimya. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa saa sita kabla, kwa shughuli nyingine. Rekodi za saa hizo sita zilipotea.

Basi hatua ni hizi. Karani atoe risiti za mkono na kuandika kila malipo. Fundi ahakikishe yuko kwenye seva gani, asome kumbukumbu za hitilafu, na anakili folda yote ya data kwenye diski nyingine kabla ya kubadilisha chochote. Kila anachofanya akiandike pamoja na saa. Na msimamizi asingoje mgomo: kila mwezi nakala ya akiba irejeshwe kwenye kompyuta ya majaribio, ionekane ikifunguka.

Mwananchi anaweza kuvumilia foleni ya saa mbili. Rekodi ya malipo yake ikifutwa, ataambiwa alipe tena.